Dakika Kumi za Mama Mkwe

Mama Benedeta Athieno hakuomba kuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alichaguliwa kwa sababu hakuwepo. Kwetu Mukuju, mkutano ukiitishwa kugawa kazi isiyo na mshahara, jina linalopita haraka ni la mtu aliyekwenda msibani, na siku hiyo yeye alikuwa Osukuru kumzika binamu yake. Aliporudi jioni, miguu imejaa vumbi la malori ya mbolea, akaambiwa, "Wewe sasa ni musawo, daktari wetu." Akauliza ni nani aliyetaja jina lake. Watu wakatazama chini. Mpaka leo hajui, ingawa mimi najua, na mwenye kosa hilo ni Ochwo, mume wake, ambaye ni baba yangu mdogo na ambaye bado anakula chakula anachokipika mama huyu kwa amani kabisa.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Leo Mama Benedeta ana miaka hamsini na sita, analima karanga na muhogo, na siku za soko huwa Busia na magunia yake, upande wetu asubuhi, upande wa Kenya ikifika saa sita bei zikibadilika. Huko sokoni ndiko alikookota Kiswahili chake. Ni Kiswahili kinachotembea bila viatu, lakini kinafika.

Ndani ya nyumba ana sanduku la mbao lenye kufuli, alilopewa na kituo cha afya. Mna vidonge vya malaria, vifaa vya kupimia damu, glavu, vikaratasi vya kumtuma mgonjwa mbele, na mna dawa ambazo watu wetu hawazitaji. Hizo ni zile zisizopita mdomoni.

Nilisoma famasia Tororo semesta tatu, kabla mimi na chuo hatujaachana kwa amani, kwa hiyo naweza kueleza jambo hili mpaka katikati. Kuna mtoto ambaye malaria imempanda mpaka hawezi kumeza. Ukimpa kidonge anatapika, ukimpa maji yanarudi, na ukimwita haitiki. Mdomo umefungwa. Mshipa wa kuchoma sindano hakuna mtu kijijini anayeruhusiwa kuutafuta. Unabaki mlango mmoja, na Mungu katika hekima yake aliuweka nyuma. Dawa yake imefungwa katika ganda laini linaloteleza, la jelatini, ambayo ni minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikana kama mirija ya kunyonyea pombe ndani ya chungu. Likikaa kwenye joto la mwili ganda linalegea, linayeyuka, na dawa inapita kwenye ukuta wa utumbo kuingia damuni. Haimponyi mtoto moja kwa moja. Inamnunulia muda wa kufika kwa daktari akiwa hai. Hapo ndipo semesta ya tatu ilipoishia.

Ubaya wa ganda linaloyeyuka ni kwamba halijui kama joto ni la utumbo wa mtoto au la bati la Mukuju mwezi wa pili. Wahudumu wenzake wa vijiji vingine walifungua masanduku wakakuta dawa zimeshikana kama pipi mfukoni mwa kanzu. Mama Benedeta hakungoja friji. Alichukua chungu kikubwa, akaweka mchanga, akamwagia maji, akakalisha ndani yake chungu kidogo chenye kifuniko, na dawa za nyuma zikahamia humo. Kila asubuhi analowesha mchanga kabla hajawasha moto wa chai. Mkufunzi kutoka Tororo alipokuja kukagua, aliingiza kipimajoto kwenye chungu, akakitazama, akakitikisa, akakiingiza tena. Halafu akapiga chungu picha. Mama alimwambia, "Piga na mimi. Chungu haikujiweka."

Lakini kipaji chake kikubwa ni mdomo. Hapa kwetu mtu anaweza kuugua sehemu ya chini ya kitovu mwaka mzima na kumwambia daktari kwamba ni mgongo. Mama Benedeta hana habari ya mgongo. Anauliza, "Inawasha mbele ama nyuma?" kama anayeuliza bei ya muhogo. Wanawake mwanzoni walikimbia. Sasa wanakuja kwa foleni, wakijifanya wanaazima ungo. Wakati fulani mkufunzi yule aliwaonyesha pete laini ya mpira ambayo mwanamke anajiwekea mwenyewe ndani, mbele, ikakaa mwezi mzima ikitoa dawa kidogo kidogo ya kumkinga na virusi. Mama aliporudi kuwaeleza akina mama, mmoja akauliza inavaliwa kidole gani. Hakuna aliyecheka, maana nusu yao walikuwa na swali hilo hilo. Mwingine, mume wake Opendi alikuta kidonge cha kuweka ukeni kwenye mkoba wake, kile cha fangasi, akaja kwa hasira kuuliza nani amempa mke wake ruhusa ya kutibiwa huko. Mama akamjibu, "Huko kunawasha yeye au wewe? Kama na wewe, kaa chini, yako iko." Opendi alikaa chini.

Kwa hiyo mtu angedhani hakuna makalio ya kumshinda mama huyu. Yalikuwepo, na yalikuwa ya mjukuu wake mwenyewe.

Binti yake Scovia ameolewa na Emoit, Mteso wa ng'ambo ya kinamasi, nusu saa kwa miguu kutoka kwetu. Emoit anafyatua matofali. Ni kijana mkubwa, mpole, vidole kama mihogo. Kwa miaka minne ya ndoa hiyo, Mama Benedeta na Emoit walikuwa hawajatazamana usoni, na hakukuwa na ugomvi wowote. Ndiyo heshima yenyewe. Kwetu, na kwa Wateso pia, mama mkwe na mkwe wake hawashikani mkono, hawali pamoja, hawaitani majina, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye muhogo mpaka mwenzake apite. Ikibidi kusema jambo, wanalisema kupitia mtu wa tatu. Na mwenye kuvunja, wazee wanasema, mikono yake itatetemeka mpaka kaburini, na mtoto wa ndoa hiyo ndiye atakayelipa. Lugha yenyewe iliwasaidia: mmoja ana Kidhopadhola chetu, mwingine ana Kiteso, na kati yao kuna Kiswahili tu cha sokoni, ambacho hakuna sababu ya kukitumia kama hamuonani.

Ilikuwa siku ya soko. Scovia alikuwa Busia na nyanya. Emoit alibaki na mtoto wao Elvis, wa miaka miwili na miezi kidogo. Mimi na Ochwo na kijiji kizima tulikuwa kwenye maziko ya mzee mmoja upande wa Sikuda, kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyapata kwa Mama na kwa Emoit, kila mmoja kwa wakati wake, na yanalingana isipokuwa mahali ambapo kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyelia.

Mama hakwenda maziko kwa sababu ya mkono. Siku mbili kabla, panga lilimteleza akimenya muhogo, likamkata kiganja cha kulia mpaka akashonwa nyuzi saba. Mkono ulikuwa umefungwa bendeji na umevimba, vidole havikunji. Alikuwa amekaa jikoni akimsema paka.

Saa nane mchana akasikia mtu anakohoa nje ya ua wa minyaa. Kikohozi cha adabu. Mkwe kwetu anakohoa hivyo ili mama mkwe apate muda wa kujificha. Mama akajificha nyuma ya mlango wa jiko, kama kawaida. Kikohozi kikaja tena, na safari hii kilikuwa na kitu ndani yake.

Hapakuwa na mtu wa tatu wa kusemea. Palikuwa na mbuzi, amefungwa kwenye mti wa mpapai.

"Mbuzi," alisema Mama, uso ukutani, "uliza huyo mtu anataka nini."

"Mbuzi," alijibu Emoit kutoka nyuma ya minyaa, "sema hii mtoto imechemka tangu asubuhi. Nilipa yeye uji, ikarudi. Nilipa dawa, ikarudi. Saa hii mwili ilishtuka-shtuka, macho ikageuka. Sasa naita, haitiki."

Hapo mbuzi alimaliza kazi yake. Mama alitoka jikoni, akavuka uwanja, akapita mwanya wa ua. Emoit alikuwa amesimama akiwa amempa mgongo, mtoto begani, na kichwa cha Elvis kilikuwa kinaning'inia kama cha kuku aliyenunuliwa. Mama akamgusa mtoto shingoni kwa mkono wa kushoto. Anasema moto ule aliusikia mpaka kwenye kiwiko. Akamwita, "Elvis. Elvis, ni dada yako huyu," maana ndivyo bibi anavyotaniana na mjukuu wake, na siku zote Elvis husonya akisikia hivyo. Hakusonya.

Mama akachukua simu akampigia Faruku, wa bodaboda, kijana wa Kiislamu wa pale senta ambaye ndiye anayewabeba wagonjwa wake. Faruku alikuwa kwenye barabara ya Busia na abiria. Akasema dakika ishirini. Na kutoka hapa mpaka kituo cha afya, kwa barabara ile baada ya mvua, ni karibu saa nzima. Mama alijumlisha haraka kuliko mimi. Dawa ilikuwa ndani ya chungu, hatua kumi kutoka pale.

"Ingia, weka yeye kwa mkeka," akasema. "Halafu simama kule."

Emoit akaingia akitazama vidole vyake vya miguu, akamlaza mtoto mkekani chini ya ukingo wa paa, akasogea mpaka kwa mbuzi. Mama akaleta chungu kidogo na sanduku. Zilikuwa zimebaki dawa mbili. Akapiga magoti na kujaribu. Kumlaza mtoto ubavu, kukunja mguu wake, kutenganisha makalio na kusukuma dawa ni kazi ya mikono miwili mizima, na yeye alikuwa na mmoja na kipande cha bendeji. Akajaribu kwa kiwiko. Nyuzi mbili zikafunguka, damu ikatoka kwenye bendeji.

"Emoit," akasema, "kuja hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina. Emoit anasema alisikia kama amepigwa kofi na mtu aliye mbali.

"Naita mtu," akasema.

"Utaita nani? Kijiji yote iko kaburini."

"Mama, mimi nikigusa wewe, hii mtoto ndiyo itakufa. Wewe unajua. Mkono inatetemeka, halafu mtoto anakufa."

"Mkono yako inatetemeka sasa na hujanigusa bado."

Emoit akatazama mikono yake. Ilikuwa kweli.

"Kama kuna laana, itangoja," Mama akasema. "Wazee wako, wazee wangu, wote wanajua kungoja, hiyo ndiyo kazi yao. Hii mtoto hajui. Nawa mikono."

Akanawa. Glavu haikumuingia. Ilikuwa imetengenezwa kwa mikono ya watu wanaoandika, si ya watu wanaofyatua matofali, na ilipasuka kwenye kidole gumba. Ya pili ikaingia nusu, na Mama akasema nusu inatosha, kidole kinachohitajika ni kimoja, na kiwe kile kidogo.

"Hiyo ndiyo kidogo," Emoit akasema.

"Mungu wangu. Haya."

Fikiria sasa. Mtu ambaye kwa miaka minne hajathubutu kusema neno "suruali" mahali ambapo mama mkwe anaweza kulisikia, amepiga magoti mbele yake, na mama mkwe huyo huyo anamweleza kwa utulivu wa kufundisha kusuka, "Ncha ya duara inatangulia. Weka maji kidogo iteleze. Tafuta tundu. Hapana, hiyo ni kunjo tu. Hapo. Sukuma. Sukuma mpaka ipite ule mkazo, usiogope, haivunjiki." Emoit alikuwa anatokwa jasho mpaka likadondokea mgongoni mwa mtoto. Ikaingia. Akatoa kidole, akaachia, akapumua.

Na Elvis, bila kufumbua macho, akajamba, na dawa ikatoka ikaanguka mkekani, nzima, inang'aa.

Emoit akaitazama kama mtu aliyerudishiwa barua. "Imekataa," akasema. "Mama, unaona. Imekataa."

"Haijakataa. Wewe uliachia mapema." Mama akamwonyesha kwa kidevu ile iliyobaki. "Hii ndiyo ya mwisho. Ukiweka, unabana makalio pamoja, unashika. Dakika kumi. Si tisa."

"Dakika kumi?"

"Inayeyuka polepole. Kama siagi kwa chapati. Ukiachia kabla, inatoka tena, na hapo mimi sina kingine cha kutoa kwa chungu."

Akaiweka ya pili. Safari hii kidole hakikutafuta njia. Akabana makalio ya mwanawe kwa mikono yote miwili, lakini mikono ile mikubwa ilikuwa inatikisika kiasi kwamba mtoto mzima alikuwa anatikisika nayo. Mama alitazama hilo kwa muda mfupi. Kisha akaweka mkono wake wa kushoto juu ya mikono ya mkwe wake, akakandamiza. Ikatulia. Simu akaiweka mkekani, saa ikionekana. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini na mbili.

Dakika mbili za kwanza walikuwa wanatazama simu kama watu wanaongoja matangazo ya kifo.

Ya tatu, Mama akauliza, "Karanga yenu imeota?"

"Imeota. Ile ya juu panya wamechimba."

"Weka majivu kwa mistari."

"Scovia aliweka."

"Aliweka kidogo. Yule ni mchoyo wa majivu tangu mdogo."

Emoit akacheka, au alitoa kitu kama kicheko, na kwa kucheka akasahau akainua uso. Mama naye alikuwa ameuinua. Wakatazamana.

"Kumbe wewe una mwanya," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Miaka minne nimejua ndala zako tu. Ile ya bluu na ile umeshona na waya."

"Na mimi najua zako. Nikiziona kwa njia naruka."

"Umeruka vizuri. Siku moja uliruka kwa siafu, nikakuonea huruma."

"Uliona?"

"Nilikuwa kwa muhogo upande ule mwingine. Nilijiziba mdomo nisicheke."

Dakika ya sita Emoit akasema vidole vinakufa ganzi. Mama akamwambia wacha vife, vya mtoto viko hai. Dakika ya saba akauliza, polepole, kama mtoto atafika. Mama hakumpa jibu la kumfariji. Alimwambia, "Sijui. Hii inafungua njia tu. Wewe ukibana, njia inafunguka. Mimi naweza kuambia wewe hiyo tu." Emoit akabana.

Dakika ya tisa Elvis akalia. Hakikuwa kilio cha maana, kilikuwa kama paka aliyekanyagwa mkia katika nyumba ya tatu, lakini kilitoka mdomoni mwake na kilikuwa cha hasira. Mama anasema Emoit alilia hapo. Emoit anasema lilikuwa jasho, na kwamba Mama ndiye.

Wakati huo huo Faruku akaingiza pikipiki uwanjani. Alikuta mama mkwe na mkwe wamepiga magoti, paji kwa paji, mikono imeshikana juu ya makalio ya mtoto. Faruku si wa kabila letu wala la Emoit, lakini ameishi mpakani miaka yote, anajua miiko ya kila mtu kuliko ya kwake. Alizima injini akageuza uso kwa mpapai.

"Naingia ama narudi baadaye?" akauliza.

"Ngoja dakika moja," Mama akasema, na akaingoja kweli, yote sitini. Ndipo akamwachia Emoit mikono.

Kikaratasi cha kumtuma mgonjwa alikiandika Emoit, Mama akimtajia: dawa gani, saa ngapi, ya kwanza ilitoka, ya pili ilikaa. Faruku mbele, Emoit nyuma na mtoto kifuani. Nafasi ya mtu wa tatu ilikuwepo, kwa kubanana. Mama aliitazama nafasi hiyo, kati ya mgongo wa Faruku na tumbo la mkwe wake, na hata yeye akaona mpaka. "Nendeni," akasema. "Ikitapika, laza ubavu."

Halafu akabaki peke yake na mbuzi. Alimpigia Scovia, akamwambia aache nyanya akimbilie kituoni. Alilowesha mchanga wa chungu kitupu. Alifagia uwanja kwa mkono mmoja, akaufagia tena. Anasema kazi ile ya dakika kumi hakuiogopa, bali aliogopa haya masaa mawili na nusu. Kwa miaka tisa amewatuma watoto wa watu barabara ile, na jioni anakula, analala. Siku hiyo ndipo alipojua kile ambacho mama wa watoto hao wanafanya baada ya pikipiki kuondoka: wanafagia.

Karibu saa kumi na moja simu ikalia. Ilikuwa namba ya Scovia, lakini sauti ilikuwa ya Emoit.

"Mama. Wamechoma sindano. Wameweka maji. Daktari anasema tulifika vizuri. Amefungua macho, anataka chai."

"Mpe," Mama akasema, kisha akakaa chini pale pale alipokuwa.

Elvis alilala kituoni siku tatu, akarudi mwembamba na mwenye madai mengi. Na aliporudi, mambo ya wazee yakaanza, maana Faruku alimwambia mtu mmoja tu, kwa siri, pale kituo cha bodaboda.

Jumamosi mchana wakakutana nyumbani kwetu, wazee wa upande wetu na wa upande wa Emoit, chungu cha kongo, pombe yetu ya ulezi, katikati na mirija mirefu. Kwa sheria, mwiko ukivunjwa lazima uoshwe kwa kusemwa wote, mbele ya pande mbili. Mzee Obore ndiye aliyeongoza, mzee mwenye sauti ya kijiko ndani ya sufuria. Mama alikaa nyuma ya nyumba na wanawake, asionekane, lakini asikie. Emoit akasimamishwa.

"Sema yote," Obore akamwambia. "Usiruke kitu. Mwiko ukioshwa nusu unarudi na ndugu zake."

Emoit akatazama ndala zake akaanza. Alisema jinsi mtoto alivyochemka. Alisema kuhusu mbuzi, na wazee wakaitikia kwa vichwa, hapo alifanya vizuri. Alisema aliitwa jina. Mjomba wake akashusha pumzi. Alisema alinawa mikono, glavu ikapasuka, na ncha ya duara inatangulia. Alisema dawa iliingia na ikatoka.

"Ngoja," mjomba wake akasema. "Ilitoka kwa nini?"

"Niliachia mapema, Mjomba. Inataka kubanwa."

"Kubanwa wapi?"

Emoit akaonyesha kwa mikono miwili, hewani. Mzee mmoja akaacha mrija wake.

"Ukibana kwa nguvu, haipasuki?" huyo akauliza.

"Haipasuki. Ni laini. Inayeyuka na joto ya mtoto yenyewe."

"Na kama mtoto ana degedege wakati huo?"

Kabla Emoit hajajibu, kutoka nyuma ya nyumba, bila mtu kuonekana, sauti ikasema, "Laza ubavu, ngoja itulie, halafu weka. Na usiweke kitu mdomoni. Hata kijiko."

Wazee walitazamana. Kuna wawili pale waliowahi kuweka kijiko. Najua, kwa sababu mmoja wao alimwekea baba yangu, na baba ana jino lililovunjika mpaka leo.

Obore alikohoa. Akatangaza kwamba kosa limesemwa lote, na limeonekana ni kosa. Emoit ataleta jogoo. Mama Benedeta atapika pombe. Leo hii watanyonya chungu kimoja kwa mirija miwili, wamepeana migongo, na baada ya hapo heshima inarudi mahali pake kama zamani. Akafikiri kidogo akaongeza kwamba mtoto akiugua, wanaweza kusemezana bila mbuzi. Pande zote mbili zikakubali. Mama akaletwa, akakaa kinyumenyume, akanyonya. Emoit akanyonya upande wake. Elvis alikuwa anazunguka chungu akimwambia kila mzee kwamba baba na bibi walimfinya matako, wote wawili, kwa pamoja, na kwamba yeye hakulia.

Jua lilipoanza kushuka wageni wakaondoka. Obore alikuwa wa mwisho. Alifika kwenye mwanya wa ua, akasimama, akarudi mpaka alipokuwa Emoit anafunga baiskeli, akamshika bega ili wengine wasisikie. Ana wajukuu sita nyumbani, wanne chini ya miaka mitano.

"Ulisema dakika ngapi?"

"Kumi, Mzee."

"Kumi," Obore akarudia, akihesabu kwa vidole kana kwamba namba hiyo ni ngeni, akaondoka nayo.